Mningoje Hadi Saa Kumi

Mwantumu alikuwa na tabia moja iliyompa riziki na kumpunguzia marafiki: hakujua kufupisha safari. Miaka sita alikaa nyuma ya dirisha dogo la wakala wa mabasi pale stendi ya Korogwe, na abiria akimwuliza Dar ni masaa mangapi, hakujibu matano kama walivyoimba wapiga debe huko nje. Alisema, "Weka sita, na ukipata saba usinitukane." Watu walimnunia, wakaenda madirisha mengine, wakachelewa walikokwenda, kisha safari ya pili wakarudi kwake kimya kimya. Ilijulikana stendi nzima kwamba anayesafiri kwa hesabu ya Mwantumu hakosi harusi wala mazishi.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, kichwa kilichoinama dirishani hakikuwa cha abiria. Kilikuwa cha Sufiani, fundi majokofu wa Makuyuni, mwanamume mwenye sauti ya chini na macho ambayo yakikutazama unasahau ulichokuwa unaandika. Kwa miaka miwili Mwantumu alikuwa amesahau mengi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mama lishe wa jirani alishazoea kuweka chai ya Sufiani karibu na dirisha lile bila kuuliza.

"Nimeipata, Tumu," Sufiani alisema, akapitisha simu chini ya kioo. "Soma mwenyewe."

Mwantumu alisoma. Ilikuwa ratiba ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka, kilomita elfu moja na mia tano hivi.

"Ni mbali," alisema.

"Hiyo ni kilomita. Tazama muda. Masaa mawili na nusu tu. Wanakupa soda, hujaimaliza mmeshafika. Wewe mwenyewe kutoka hapa kwenda Dar unakaa mara mbili ya hiyo, na soda hupewi."

Alitabasamu, na Mwantumu akatabasamu pia, maana lile tabasamu lilikuwa halikataliki. Kiwanda kimoja cha maziwa huko Lusaka kilikuwa kimemwita Sufiani akahudumie mitambo yake ya ubaridi kwa miaka mitatu. Mkataba alishausaini. Siku kumi na tisa zilikuwa zimebaki aondoke, na alitaka waondoke wawili, ndoa ikiwa imeshafungwa.

Lakini jicho la mkata tiketi halilali. Mwantumu aliirudia ile ratiba kwa kidole. "Mbona hapa inaondoka Dar saa nne, inafika saa tano na nusu? Hiyo ni saa moja na nusu."

"Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukienda wanakupunguzia."

"Na kurudi?" Akafungua upande wa pili. "Inaondoka kule saa saba mchana, inafika Dar saa kumi na nusu."

"Ile saa moja wanaichukua."

"Kwa hiyo kwenda ni saa moja na nusu, kurudi ni tatu na nusu."

"Kwenye karatasi tu, Tumu. Angani ni ile ile." Sufiani aliushika mkono wake uliokuwa umeshikilia simu, kwa vidole viwili tu, maana stendi ina macho. "Jumamosi tunakuja Sindeni na shangazi. Mama yako atauliza. Mwambie masaa mawili na nusu. Si uongo."

"Si uongo," Mwantumu alikubali. "Ila ni ya angani. Mama yangu haishi uwanja wa ndege."

Sufiani alicheka. Yeye hakucheka.

Bi Maryamu, mama yake, alikuwa mjane wa Sindeni, kijiji cha Handeni, mwenye miaka sitini na miwili, mzima wa afya, analima mahindi yake mwenyewe na michungwa yake anaipanda kuchuma, watoto wakimpigia kelele ashuke. Watoto wenyewe walikuwa wanne: wa kiume watatu, na Mwantumu. Posa ilipofika hakuikataa. Alituma neno moja kwa mshenga, na neno lenyewe lilikuwa la ajabu kidogo, maana kwa desturi mchumba hakai kwenye kikao cha kumzungumzia. Alisema: "Kijana simkatai. Aje mwenyewe aniambie huko anakompeleka mwanangu ni mbali kiasi gani."

Jumamosi saa nane mchana walikuwa wote ukumbini. Baba mdogo Rehani, ndugu wa marehemu baba yake Mwantumu, ndiye aliyekuwa walii wa kumwozesha, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa siku haikuwa Ijumaa. Shangazi Hafsa, mshenga, alijaa kwenye kochi na kanga mpya. Sufiani alikaa pembeni ya mlango, magoti yamebana. Mwantumu alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumtazama Sufiani, aliitazama miguu yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa na vumbi la safari, cha kulia kimefutwa. Moyo ulimwuma kwa mapenzi, kwa sababu ya kiatu tu.

"Haya, mume mtarajiwa," Shangazi Hafsa alianza, "mama anakusikiliza. Usiongee kama unatengeneza friji, ongea kama mtu."

Baba mdogo Rehani akacheka, Sufiani akakohoa. "Shikamoo tena, mama."

"Marahaba, baba. Huko Lusaka ni wapi?"

"Ni Zambia, mama. Kwa ndege kutoka Dar ni masaa mawili na nusu."

Baba mdogo aligeuka na kiti chake. "Mawili na nusu? Shemeji, umesikia? Mimi juzi nilikwenda Dar kwa basi nikakaa matano, na jirani yangu ana gunia la mkaa. Huyu mtoto anakuwa karibu kuliko mwanangu aliyeko Tunduma."

"Nimesikia," alisema Bi Maryamu. Alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika. "Baba, nikwambie kwa nini nauliza, usinione mama mkorofi. Mimi kwetu ni Songe. Niliolewa hapa Sindeni nikiwa na miaka kumi na tisa. Watu walisema si mbali, na kweli si mbali. Mama yangu alikufa mwezi wa nne, masika yamekolea. Nilipata habari asubuhi ile ile, nikaondoka asubuhi ile ile. Basi likanasa kwenye matope. Tulilala njiani. Nilifika kesho yake nikakuta kaburi limeshamwagiwa maji."

Mwantumu aliijua hadithi hii tangu utotoni, na bado kila mara aliposikia sehemu ya maji alishika ukingo wa mkeka.

"Kuzikwa hakukuniuma," Bi Maryamu aliendelea. "Maiti haichelewi, ndivyo dini inavyotaka. Kilichoniuma ni waliomwosha. Mmoja wao alikuwa jirani yake ambaye hawakuwa wakisalimiana miaka minne. Mama yangu alikuwa na aibu sana na mwili wake. Hata mimi alikuwa hanivulii kanga. Akaoshwa na mtu aliyemnunia. Ndiyo maana alipozaliwa huyu, nilimwambia akiwa bado ananyonya: wewe ndiye utakayeniosha. Wale wengine ni wanaume, watanibeba."

Aliweka chungwa kwenye sahani, hakulila. Akamgeukia binti yake.

"Mwantumu. Wewe ndiye unayewapigia watu hesabu za njia, na hujawahi kumdanganya mtu. Nihesabie. Nimekufa alfajiri. Wewe uko huko kwa mumeo. Unaniosha saa ngapi?"

Hapo Mwantumu aliinua macho, desturi au si desturi, akamtazama Sufiani. Na Sufiani alikuwa anamtazama yeye. Yale macho hayakuwa yanaomba uongo, na ndiyo shida. Yalikuwa yanamwomba yeye mwenyewe, Mwantumu, asipotee. Yangekuwa ya mjanja, angeyashinda.

"Ukifa alfajiri," alianza, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu wake, "ninapigiwa simu kabla jua halijatoka. Ndege inaondoka kule saa mbili asubuhi. Natua Dar kabla ya saa sita. Nakodi gari hapo hapo uwanjani. Chalinze, Mkata, Handeni. Saa kumi jioni niko mlangoni."

"Saa kumi," alisema Bi Maryamu.

"Saa kumi, mama."

Alhamdulillahi ikatoka kwa Shangazi Hafsa kabla ya mwingine yeyote. Baba mdogo Rehani alipiga paja lake. Sufiani alifumba macho, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu aingie, yakashuka. Mwantumu aliyaona mabega yale na kwa muda mfupi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Handeni nzima. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yake haikufika hata uani.

Kwa sababu Bi Maryamu aliuamini ule muda, akaanza kuupangia kazi.

"Rehani," alimwambia shemeji yake, "umesikia kwa masikio yako. Nikifa asubuhi, watu wa hapa watataka kunizika baada ya adhuhuri. Ninawajua, hawapendi kusubiri. Uwakatalie. Mningoje hadi saa kumi. Mtoto anakuja."

"Nitawakatalia, shemeji."

"Hata shehe akisema."

"Hata shehe. Nitakaa mlangoni mwenyewe, hakuna mwanamke atakayeingia na ndoo mpaka Mwantumu ashuke kwenye gari."

"Niwekeni chumba cha nyuma, kina ubaridi. Mlango mfunge, madirisha mfungue." Sasa Bi Maryamu alikuwa anaongea kwa raha, kama mtu anayepanga sherehe, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo Mwantumu hakuiona tangu baba yake afariki. "Saa kumi si mbali. Nitamngoja. Mimi nimezoea kungoja mabasi yake."

Mwantumu alikiona chumba cha nyuma. Alimwona mama yake amelala pale, kafunikwa shuka, madirisha wazi, na baba mdogo mlangoni akiwafukuza wanawake na ndoo zao kwa sababu ya neno lake. Saa kumi inafika. Saa kumi na moja. Watu wanatazamana. Magharibi inaadhiniwa na mama yake bado hajaguswa na maji, amengojeshwa siku nzima na mtoto ambaye ndiyo kwanza anatoka uwanja wa ndege wa Dar. Na hatimaye, kwa kuwa hapana budi, wanaingia wale wale majirani, kwa haraka, kwa hasira ya kuchelewa.

Alijaribu kunyamaza. Mungu ni shahidi wake alijaribu. Shangazi Hafsa alishaanza kutaja Ijumaa ya nikaha.

"Mama," alisema. "Nimedanganya."

Shangazi Hafsa aliikatisha Ijumaa yake katikati.

"Ndege ya asubuhi hakuna. Niliyoiona mimi inaondoka kule saa saba mchana, na si lazima iwepo siku hiyo, na si lazima kiti kiwepo. Ikitua Dar ni saa kumi na nusu. Nikitoka uwanjani jua linazama. Foleni ya kutoka mjini unaijua, baba mdogo. Nikijaliwa kila kitu nafika hapa saa sita usiku. Nisipojaliwa nafika kesho yake au kesho kutwa." Akamgeukia mama yake. "Sikuoshi, mama. Nikiishi kule, mimi sikuoshi."

Mabega ya Sufiani yalipanda tena. Alisogea mbele kwenye kiti, na alipoongea aliongea kwa upole kabisa, kwa heshima zote, na huo upole ndio ulioumaliza mchezo.

"Mama, nisamehe. Lakini Sindeni nzima wanawake wapo. Wenye dini, wenye mikono mizuri. Siku hiyo mtu hawezi kukosa wa kumwosha."

"Ni kweli, baba," alisema Bi Maryamu. "Hata mama yangu hakukosa."

Akaokota ganda la chungwa, akalikunja kiganjani. Kisha akasema jambo ambalo Mwantumu hakulitegemea, na ambalo angelikataza kama angejua linakuja.

"Mimi sikatai. Nimetaka kujua, nimejua. Kijana ni mwema, na mtoto si wa kufungia ndani kwa ajili ya siku moja ambayo mimi mwenyewe sitaiona. Rehani, soma fatiha. Aende."

Baba mdogo alimtazama shemeji yake, akaona hatanii. Akainua mikono. Shangazi Hafsa akainua. Sufiani akainua. Bi Maryamu akainua yake, yenye maji ya chungwa. Mikono ya Mwantumu ilibaki mapajani. Baba mdogo alingoja. Alikohoa, akangoja tena.

"Shusha mikono, baba mdogo," Mwantumu alisema taratibu. "Nisamehe. Shusheni."

Waliachiwa wazungumze nje, karibu na rundo la machungwa lililokuwa likingoja lori. Heshima ya kuwaacha peke yao ilikuwa ya kufiwa zaidi kuliko ya uchumba, na wote wawili waliijua.

"Ungenyamaza," Sufiani alisema. Hakulaumu, alisema tu. "Dakika mbili, Tumu. Fatiha ingekuwa imeshasomwa."

"Nikishaolewa je? Ningekaa kule, simu ikilia usiku moyo unasimama. Hata ikiwa ni ya mtu wa luku ya umeme tu, moyo unasimama."

"Basi nisiende."

Alikuwa anamaanisha. Mwantumu aliliona hilo, akalipenda, na akalikataa kabla halijamlainisha. "Umesaini. Umeisubiri kazi hii miaka minane. Ukibaki kwa ajili ya mama yangu, leo utabaki kwa kupenda. Mwaka kesho utakuwa unakula naye sahani moja huku unamtazama. Hutataka, lakini utakuwa unamtazama unahesabu."

"Mimi si mtu wa hivyo."

"Hakuna mtu wa hivyo mpaka siku ifike."

Sufiani alipangusa uso kwa mkono wa shati. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja na hakujificha. "Basi nisubiri. Miaka mitatu si mingi. Nitakuja kila mwaka. Ikiisha narudi, tunaoana hapa hapa."

Neno *nisubiri* lilimfika Mwantumu mahali ambapo hakuwa na ulinzi. Alitaka kusema ndiyo. Ilikuwa kwenye ulimi, tamu, na pengine mwanamke mwingine angeisema, na nani angemlaumu.

"Fundi mzuri haachwi," alisema badala yake. "Ikiisha mitatu watakupa mitatu mingine, na utanipigia uniulize kama sasa naweza kuja. Na mimi nitaweza lini? Jiulize. Nitaweza siku gani?"

Sufiani aliinama kutazama machungwa.

"Nikikungoja wewe, Sufiani, nitakuwa namngoja mama afe. Siwezi kukaa naye nyumba moja namngojea hilo. Nikimpikia uji nitajiona mchawi."

Alimwona akilielewa. Lilimwingia polepole, likamshukia usoni, na kuanzia hapo hakubishana tena. Alimshika mkono, safari hii mzima, vidole vyote, mbele ya watu waliokuwa ukumbini nyuma ya pazia. Walisimama hivyo. Alikuwa na kovu dogo kwenye kidole gumba, la bati la jokofu, na Mwantumu alilipapasa ili alikumbuke lilivyokaa.

"Jumatatu ya kuondoka nitapita Korogwe," alisema Sufiani. "Nitapanda basi pale pale stendi."

"Nitaomba ruhusa siku hiyo. Usinitafute dirishani."

"Nikutafute wapi?"

"Usinitafute, mpenzi."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyomwita hivyo kwa sauti. Miaka miwili aliliweka, akisema atalitoa wakishaoana. Sufiani alilipokea kwa kichwa, akaachia mkono, akaenda kumwita shangazi yake. Pikipiki mbili ziliwachukua hadi barabarani.

Mwantumu aliokota sahani ukumbini. Baba mdogo Rehani alimgusa kichwa, kama alivyokuwa akimgusa alipokuwa mdogo, akaenda zake msikitini. Bi Maryamu alikuwa bado mkekani, miguu ameinyoosha, ganda la chungwa limekauka mkononi.

"Nilikuambia nenda," alisema. "Watu wote wameshuhudia. Sikukushika."

"Hukunishika, mama."

"Umeniweka pabaya, mwanangu." Alikuwa analia bila sauti, machozi yanafuata mikunjo ya uso. "Mimi ni mzima. Bibi yangu alifika miaka tisini. Sasa kila siku nikiamka salama nitaona nimekuibia siku."

Mwantumu aliweka sahani chini. Akakaa kwenye mkeka, akauweka mguu wa mama yake juu ya paja lake, ule wa kulia unaomsumbua akitoka shamba, akaanza kuukanda kuanzia kwenye kisigino. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yameanza, na aliyaacha.

"Wewe amka tu, mama," alisema.